Kupitia kwa Msimamizi

Kiti kilifika kikiwa kimevikwa nailoni, na miezi miwili na wiki tatu baadaye nailoni ilikuwa bado ipo. Kilikuwa kiti cha maana. Kinazunguka, kinapanda na kushuka, kina mgongo mrefu na mahali pa kuwekea mikono. Kililetwa kwa ajili ya msimamizi mpya wa chumba cha kufulia cha hospitali, na msimamizi mpya alikuwa amekaa pembeni yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaandika hesabu ya mashuka akiwa ameegemeza daftari gotini. Aliyemuuliza kulikoni alijibiwa kwamba nailoni isiguswe, maana mwenyewe akija atataka kukikuta kipya.

Mwenyewe nani, jamani? Mwenyewe alikuwa yeye. Barua ya uteuzi ilikuwa na jina lake, la baba yake na la babu yake, na chini namba yake ya kazi isiyofanana na ya mtu mwingine yeyote duniani. Lakini mama huyu, aliyefua mashuka ya hospitali ile kwa miaka kumi na saba, alikuwa na lake moyoni. Cheo kile alipewa kwa makosa. Ipo siku wakubwa watagundua, na siku hiyo hakutaka wamkute ameshakizoea kiti.

Ushahidi wake ulikuwa usaili. Waliitwa watatu. Mtunza stoo, ambaye hospitali nzima ilimwita Najua kwa sababu ndilo neno alilofungulia kila sentensi, aliingia akakaa dakika arobaini, na sauti yake ikasikika mpaka dirisha la dawa. Yeye alipoingia aliulizwa damu hutolewaje kwenye shuka. Akasema, "Maji baridi," akanyamaza. Wazee watatu wa kamati wakatazamana, wakacheka. Maswali yaliyobaki aliyajibu kwa maneno ya kuhesabika, na mengine kwa kichwa tu. Wiki iliyofuata barua ikaja, naye akajumlisha mwenyewe: watu wakikucheka Jumanne hii, wakakupa cheo Jumanne ijayo, hapo mtu kachanganya bahasha. Wenzake wakaanza kumwita Maji Baridi, kwa mapenzi tu. Yeye kila akilisikia jina hilo anaona kama anasomewa hukumu.

Mwezi wa kwanza wote alisaini kwa penseli. Penseli, ndiyo. Alisema mwenyewe akija atafuta aandike lake bila kuharibu kitabu. Mambo hayo yaliishia stoo, pale Najua alipokataa kutoa sabuni kwa saini ya kufutika, na kwa mara moja katika maisha yake Najua alikuwa na haki. Wodi ya wazazi ililalia mashuka ya jana. Tangu hapo alishika kalamu kama wenzake, ila saini yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukiitazama haraka utadhani nzi alipita na miguu yenye wino.

Na jambo moja niliseme mapema, msije mkadhani hakukitaka cheo. Alikitaka. Alikitaka tangu hajui kama atakuja kukipata. Alikuwa na mipango yake kichwani ya miaka na miaka: kapu la peke yake la mashuka ya watoto, zamu za mashine zisizowavunja wenzake migongo, glavu zisizovuja. Ndiyo maana usingizi ulikuwa haumjii vizuri. Kitu usichokitaka hakikuogopeshi.

Nyumbani kwake palikuwa na watu wawili, wote na maoni. Wa kwanza alikuwa mumewe, kinyozi, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kuwa na shaka juu ya jambo lolote. Mwaka uliopita umeme ulikatika akiwa amenyoa nusu ya kichwa cha mteja. Alimwinua, akamzungusha mbele ya kioo, akamwambia huo ndio mtindo unaokuja. Mteja alilipa, na wiki ya pili akamleta shemeji yake. Wa pili alikuwa mama mzaa kinyozi, bibi mfupi wa kimo na wa maneno, aliyekaa sebuleni mchana kutwa na kusikia kila kitu mpaka kwa jirani.

Jumatatu jioni ya wiki ya mwisho ya miezi yake mitatu ya majaribio kazini, kinyozi alirudi amebeba kioo kikubwa cha kazini. Ijumaa ya wiki hiyo wakubwa wangeamua: ama mkewe athibitishwe kabisa, ama nafasi iende kwa aliyemfuatia kwenye usaili, yaani Najua. Na Najua alikwisha kutangaza mipango yake kantini: atapunguza nusu ya wanawake wa dobi, kama walivyokiita chumba cha kufulia, na kila kitu kitafuliwa kwa maji ya moto, kwisha habari. Kwa hiyo kinyozi alikiegemeza kioo ukutani, akamsimamisha mkewe mbele yake na kumfundisha kujiamini. Kifua mbele, kidevu juu, aseme mara kumi: mimi ndiye msimamizi.

Mara ya kwanza alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyemjua. Kinyozi akaonyesha mwenyewe. "Mimi ndiye msimamizi!" alinguruma, na mbwa wa jirani akajibu. Mkewe akajaribu tena, akapanda kidogo. Mara ya sita, mama mkwe, aliyekuwa anachambua mchele, aliuliza bila kuinua kichwa kama huyo msimamizi akishapatikana atakuja kumsaidia na ungo.

Likafuata somo la kutembea. Mtu anayejiamini, kinyozi alieleza, hatazami chini. Mkewe akainua kidevu, akaanzia mlangoni kwa hatua ndefu, akagonga ugoko kwenye meza. Meza ikasukuma kioo, kioo kikayumba, kinyozi akakidaka kwa tumbo.

"Tatizo lako," alimwambia akijisugua tumbo, "unafikiri kabla ya kusema."

Mkewe alikaa chini akishika ugoko. Alimwambia mumewe kwa upole kwamba yeye hana tatizo la kusema, ila hana cha kusema ambacho mtu mwingine hakijui. Kinyozi alisema hilo halijawahi kumzuia mtu yeyote.

Jumanne asubuhi palikuwa na kikao cha wakuu wa vitengo. Maji Baridi alikwenda akichechemea, akachagua kiti cha karibu na mlango, chenye mguu mmoja mfupi, kwa sababu vile vizuri aliona ni vya watu. Zamu ya dobi ilipofika, mwenyekiti akasema tumsikie msimamizi wa chumba cha kufulia. Maji Baridi naye akageuka kumtafuta. Alipoona wote wanamtazama yeye, alisimama nusu, akasema, "Mashuka yapo," akakaa. Kilikuwa kikao cha saa mbili nzima, na hakika hiyo ndiyo ilikuwa taarifa ya kweli kuliko zote, lakini yeye alitoka pale masikio yanawaka moto kwa aibu.

Huku nyuma, Najua alikuwa amekwenda dobi kuangalia ufalme wake mtarajiwa. Alikuta rundo la makoti meupe ya madaktari, arobaini na moja, yanasubiri zamu yake mchana. Akasema najua mimi, hawa wanawake wanavuta muda tu. Akayatia yote kwenye mashine kubwa. Kwa kuwa nafasi ilibaki, na kwa kuwa stoo kulikuwa na vitambaa vipya vya kupigia deki vilivyokuwa vigumu kama kadibodi, akavitupia na vyenyewe vikalainike. Vitambaa hivyo vilikuwa vyekundu. Maji aliweka ya moto kabisa.

Makoti yalitoka pinki. Pinki haswa, ile ya keki ya harusi. Mama wa pasi, mwanamke mzima mwenye akili zake, aliyashika akauliza hii nini. Najua akamjibu bila kupepesa jicho kwamba hiyo ndiyo rangi mpya, waraka upo njiani. Na alivyolisema kwa uhakika, mama wa pasi akawasha pasi. Debe tupu haliachi kuvuma, na shida ya mvumo ni kwamba watu hucheza.

Maji Baridi alipotoka kwenye kikao akapishana na daktari wa upasuaji kwenye ukumbi, amevaa pinki, anatembea kwa hasira. Nyuma yake daktari wa mifupa, pinki. Nyuma yake wanafunzi wawili wa udaktari wanajizuia kucheka, nao pinki. Alifika dobi mbio, na ugoko wake mbovu vilevile, na mambo aliyoyafanya baada ya hapo hakuyakumbuka baadaye kama kitu cha kuhesabiwa. Alizima kikaushio kilichokuwa kinaanza kuzunguka. Aliyatoa yale mabichi yote akayaloweka kwenye maji baridi, maana rangi ikishapigwa moto inang'ang'ania. Aliita wanawake wawili washike beseni la pili, akapima dawa ya kung'arishia kwa jicho, akasuuza mara tatu, akamtuma mama wa pasi akakusanye yaliyokwisha kuvaliwa. Hakupaza sauti hata mara moja. Saa kumi jioni makoti arobaini yalikuwa meupe kwenye kamba. La arobaini na moja halikurudi, kwa sababu daktari wa watoto alikataa kulivua. Alisema siku hiyo nzima hakuna mtoto aliyelia akimwona.

Wanawake wa dobi walicheka mpaka wakafuta machozi kwa foronya. Maji Baridi alikaa kwenye ndoo yake. Aliwaza jambo moja tu: amegundulika. Cheo kingekuwa chake kweli, makoti yangegeuka pinki?

Najua alikuja kumpa pole, amevaa uso wa msibani. Hakutaja nani aliwasha mashine, na yeye hakuuliza. Alimwambia kama mdogo wake kwamba mtu mwenye busara hasubiri kusukumwa, anashuka mwenyewe ngazini. Akamwachia karatasi mbili safi na kalamu.

Jioni ile aliwasomea nyumbani barua aliyoiandika. Kichwa cha habari kilikuwa "Kurudisha cheo kilichonifikia kwa makosa," na ndani alimwomba mkurugenzi radhi kwa usumbufu, akaeleza kuwa kiti kipo salama na nailoni yake, na kwamba yeye yuko tayari kurudi kwenye beseni kuanzia Ijumaa. Kinyozi alisimama, akakaa, akasimama tena. Alitaka aongezewe aya ya kuilaumu mashine. Halafu akataka aende mwenyewe kwa mkurugenzi, ambaye kichwa chake anakifahamu vizuri kwa kuwa hupita dukani kwake kila mwezi, na mtu uliyemshikia wembe shingoni hawezi kukukatalia jambo. Mkewe akamkataza.

Mwishoni mama mkwe akauliza, "Kwani wewe unataka uwe na nini ndipo ujue ni wewe?"

Mkaza mwanawe alisema hajui. Labda uhakika.

"Mimi nina miaka arobaini na sita ya umama," bibi akasema. "Hakuna aliyenipa barua. Huyu alipozaliwa nilimshika kichwa chini miguu juu, mkunga akanipigia kelele. Nikajifanya najua. Amekua." Akamtazama mwanawe aliyekuwa anajikagua meno kwenye kioo. "Ukimwangalia kwa mbali hana kasoro."

Maji Baridi alicheka bila kutaka. Lakini barua aliikunja, akaitia kwenye bahasha.

Jumatano aliipeleka masijala. Karani wa masijala alikuwa mama mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuwatazamia watu, na katika kazi yake hakuwa na rafiki wala adui, alikuwa na utaratibu. Aliifungua barua, akaisoma mpaka mwisho bila kubadilika sura, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. Akairudisha juu ya kaunta.

"Haina maoni ya msimamizi," alisema. "Barua ya mfanyakazi kwenda kwa mkurugenzi inapitia kwa msimamizi wake. Aseme anaafiki au haafiki, na sababu."

"Msimamizi wangu ni mimi."

"Basi huna safari ndefu."

Maji Baridi alijaribu kueleza kwamba barua yenyewe inasema yeye si msimamizi. Karani alibadilisha miwani. Alimweleza kwamba mpaka Ijumaa jioni ndiye, na barua isiyo na maoni haiingii kwenye trei. Kama ataiingiza, kesho mtu mwingine ataleta yake hivyohivyo, na keshokutwa hospitali itakuwa soko. Msimamizi anatakiwa asome jalada la mfanyakazi, amhoji, kama kuna shahidi amsikilize, ndipo aandike. Akainuka, akaenda kwenye makabati, akarudi na jalada la kahawia lililochakaa pembe. Hapo akasita, akalivuta kifuani.

"Mfanyakazi haruhusiwi kusoma jalada lake mwenyewe," alisema.

Wote wawili walilifikiria jambo hilo kwa dakika nzima. Foleni nyuma ikakohoa.

"Lisome kama msimamizi," karani akaamua. "Ukijisikia mfanyakazi, lifunge. Nalitaka kesho kabla ya saa sita."

Alhamisi asubuhi Maji Baridi alifunga mlango wa ofisi yake, ambayo ilikuwa kona ya chumba cha sabuni iliyotengwa kwa mbao. Alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Ukimwambia loweka nusu saa, haloweki dakika ishirini na tisa. Kwa hiyo alitaka kulifanya jambo lile sawasawa, amalize, akaoge. Kama msimamizi anamhoji mfanyakazi, mfanyakazi atakaa kwenye ndoo, na msimamizi hawezi kukaa kwenye ndoo hiyohiyo. Akakitazama kiti. Akakaa kwenye ncha yake, nailoni ikalia chwaa, akaruka. Akakaa tena, akafungua jalada.

Karatasi ya kwanza ilikuwa na picha ndogo ya msichana mwembamba, kola imepinda, macho yametoka kama ameulizwa swali. Miaka kumi na saba iliyopita. Moyo ukamwonea huruma huyo msichana, na kwa kuwa huruma kwa mfanyakazi wa chini inaruhusiwa kwa msimamizi, hakulifunga jalada. Akafunua. Fomu za likizo, chache. Siku za kutofika kazini bila taarifa, hakuna. Karatasi ya usaili haikuwamo, na wala hakuitafuta. Kisha akafika kwenye karatasi aliyokuwa anaiogopa: barua ya onyo, ya miaka kumi na moja nyuma.

Aliikumbuka aibu yake vizuri. Aliitwa mbele ya watu, akapewa, akasaini. Kilichoandikwa ndani alikuwa amekisahau kabisa, kwa sababu siku ile machozi hayakumruhusu kusoma. Sasa akasoma. Mfanyakazi huyu, barua ilisema, amekataa amri halali ya msimamizi wake ya kufua mashuka ya wagonjwa wa upele pamoja na nguo za watoto wachanga, akasema afadhali afukuzwe kazi kuliko kufanya hivyo, na akakaa juu ya mlango wa mashine mpaka mchana.

Maji Baridi aliisoma mara mbili. Nailoni ikalia. Alikuwa na wafanyakazi kumi na wawili, na akawapitia kichwani mmoja mmoja, nani kati yao angeweza kukaa juu ya mlango wa mashine kwa ajili ya watoto wa watu.

"Huyu ndiye ninayemtaka," alisema kwa sauti.

Mama wa pasi, aliyekuwa upande wa pili wa mbao, akadhani kuna mtu mpya anaajiriwa, akaacha pasi akasogeza sikio.

Ikaja sehemu ya mahojiano. Maji Baridi aliigeukia ndoo tupu. Alijiona mjinga, akakohoa, akauliza kama msimamizi: siku ile ya makoti ulikuwa wapi? Akahamia kwenye ndoo, akajibu kwa sauti ya chini kwamba alikuwa kwenye kikao. Akarudi kitini. Kikao gani? Akaenda kwenye ndoo. Cha wakuu wa vitengo, kilichoitwa kwa barua. Safari ya nne ugoko ulikuwa unauma, akaamua mfanyakazi ajibie hukohuko aliko. Ulimwachia nani mashine? Hakumwachia mtu, makoti yalikuwa ya mchana. Nani basi aliiwasha?

Hapo mfanyakazi akaanza kusema kwamba hata hivyo yeye ndiye mkubwa wa pale, ilimpasa ajue, angekuwa mtu wa maana lisingetokea. Na msimamizi aliyekuwa kitini akashtuka jinsi maneno hayo yalivyokosa mantiki. Mwenzake yeyote angekuja kwake na hadithi kama hiyo, angemwambia, mama, futa machozi, tumtafute aliyewasha mashine. Mbona kwa huyu mmoja tu sheria ilikuwa nyingine?

Mlango ukagongwa, Najua akaingia kabla ya kujibiwa. Alikuwa amesikia masijala kwamba barua imekwama, akaja kuona kama kuna msaada wowote anaoweza kutoa wa kuiharakisha. Alipomwona kwenye kiti alisita kidogo.

"Umeshasaini?" aliuliza.

"Bado. Keti," alisema Maji Baridi.

Hapakuwa na pa kuketi ila ndoo. Najua aliketi, magoti yakamfika kidevuni. Maji Baridi alimweleza kwamba anashughulikia ombi la mfanyakazi wake mmoja, na yeye Najua ni shahidi, kwa hiyo atajibu swali moja. Jumanne, kati ya saa tatu na saa tano, nani aliwasha mashine kubwa?

Najua alifungua mdomo. Alisema anajua jinsi mashine zilivyo, anajua mfumo wa kisasa wa ufuaji, anajua pia ucheleweshaji unavyoitia hospitali hasara, na kwamba suala la rangi ni suala pana. Maji Baridi alimngoja. Alikuwa amezoea kungoja. Nusu ya kazi ya kufua ni kungoja kitu kiachie uchafu chenyewe. Najua alipoishiwa pumzi, akauliza tena vilevile, bila kupandisha wala kushusha.

"Nani?"

"Mimi," Najua akasema. "Lakini najua kwamba..."

"Inatosha."

Akageuka mezani akaandika. Najua alikaa kidogo kwenye ndoo akingoja sentensi nyingine, na sentensi haikuja. Alipoinuka ndoo ikamng'ang'ania nyuma, akatoka nayo hatua mbili kabla haijaanguka. Mama wa pasi aliinama chini ya meza yake, akajiziba mdomo kwa koti la daktari wa mifupa.

Saa tano na nusu barua ilikuwa juu ya kaunta ya masijala. Karani alivaa miwani ya kusomea. Chini ya ombi, kwenye nafasi ya maoni, palikuwa na maandishi yanayosomeka hata ukiwa umesimama:

"Siafiki. Nimesoma jalada, nimemhoji mfanyakazi na kumsikiliza shahidi. Kosa analojitwika si lake, na alilirekebisha siku hiyohiyo bila kuambiwa. Anaogopa, lakini kazi anaijua, na sina mwingine kama yeye. Aendelee."

Karani alisoma, akapiga muhuri. Alisema kwa kuwa msimamizi hakuafiki, barua haiendi kwa mkurugenzi, inaishia kwenye jalada, na mfanyakazi ajulishwe. Maji Baridi alisema atamjulisha yeye mwenyewe.

Jioni kinyozi alifunga duka mapema. Alikuwa ameandaa hotuba mbili za kumfariji mkewe, moja fupi na moja ndefu, na alikuwa ameanza ile ndefu mlangoni kabla mkewe hajavua viatu. Mama yake akamwambia amwache mwenzake apumue. Ndipo akauliza barua imefikia wapi.

"Imekataliwa," mkewe akasema.

"Na mkurugenzi?"

"Haikufika kwake. Msimamizi wangu kaikataa."

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe kinyozi alionekana kuwa na shaka. Aliuliza kama msimamizi wake si yeye mwenyewe. Mkewe akasema ndiye huyohuyo. Kinyozi akakaa chini, akasema hilo anahitaji kulifikiria.

Mama mkwe alisukuma ungo pembeni. "Alikuwaje?" aliuliza. "Mkali?"

"Mkali, Mama. Lakini alinisikiliza." Alianza kucheka, akaacha, akashika meza. "Aliniuliza, akangoja nijibu, akaniamini. Miaka yote hii, Mama, hakuwahi kunifanyia hivyo."

Bibi akasogea kwenye kochi, akampigia palipo wazi kwa kiganja aje akae.

"Sasa umempata," alisema. "Usimwache tena."